Kwa nini mwenye mimba anaamini hospitali si pa kwenda, hata pale sheria inapomruhusu?

#1 Nesi_wa_Zamu
Wakuu, kwema?

Nafanya kazi wodi ya akina mama, hospitali ya wilaya, sitaitaja. Zamu ya usiku haipiti bila kumpokea mwenye mimba changa anayetoka damu. Ukimuuliza imeanza lini, "leo jioni." Ukimgusa, ana homa ya siku kadhaa. Imeanzaje? Aliteleza bafuni, alibeba ndoo, aligongwa na bodaboda. Bafu za nchi hii zinateleza kwelikweli.

Sasa hoja yangu. Hapa Tanzania kumtibu mtu ambaye mimba yake imetoka ni halali, iwe imetoka yenyewe au ametoa. Tunasafisha kizazi, tunampa antibayotiki, tunaongea naye uzazi wa mpango, anarudi kwake. Kifaa kipo, dawa ipo, wa kuifanya kazi yupo. Lakini mwenye shida yuko nyumbani anaamini akifika getini atakuta pingu. Kwangu mimi tatizo kubwa ni hiyo picha aliyonayo kichwani kabla hajatoka nyumbani. Nipingeni.

#2 Karanga_Mbichi
Nimekaa paleee. Uzi huu ukifika mchango wa ishirini bila mtu kutukanwa natoa soda.

#3 Wakili_Kijiweni
Nesi, hiyo picha haikuota tu. Fungua Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14. Cha 151: mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152: anayempa dawa au kifaa huku akijua cha kufanyia, miaka 3. Hivyo ndivyo watu wanavyovisikia kwenye habari. Kifungu cha 230, kinachomkinga daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, kiko mbele huko na hakina mtangazaji.

Wakenya wasicheke. Vyao ni 158, 159, 160 na 240, miaka ileile, maneno karibu yaleyale. Baba mmoja: sheria ya Uingereza ya 1861. Na huko kwa baba mwenyewe, mwaka 1938 daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, akajipeleka mwenyewe kwa polisi, akashinda kesi. Jaji alikubali kwamba kumwacha mwanamke aharibikiwe kabisa mwili au akili ni sawa na kutookoa maisha yake. Wanasheria wa makoloni ya zamani wanaijua kesi hiyo. Bibi yangu Kibondo haijui, na nesi wa zahanati ya Kibondo pia haijui.

#4 Mama_Wawili
Nesi, nakuheshimu ila napinga. Unasema picha iko kichwani. Yangu iliwekwa na watu.

Mimba yangu ya tatu tuliitaka, mume wangu alishachagua jina. Ikafia tumboni. Nilienda hospitali nikiwa na kipimo cha utrasaundi mkononi kinachosema mapigo ya moyo hayapo. Dada wa mapokezi akasoma, akanitazama, akauliza kwa sauti ya foleni nzima isikie: "Umetumia nini?" Nikamwambia sijatumia kitu. Akasema, "Wote mnasema hivyo." Nilikaa kwenye benchi mpaka mchana na watu wananiangalia miguu.

Mimi ambaye sikutoa nilitendewa hivyo. Mdogo wangu alikuwa nami siku ile, amekaa pembeni anaona. Siku akipata mimba asiyoitaka unadhani atakwenda wapi? Yeye hahitaji kusoma kifungu cha 151.

#5 Duka_la_Kona
Anakuja kwangu. Naongea ukweli, mniwie radhi. Nina duka la dawa muhimu, na wiki haiishi bila mtu kusimama kaunta akasubiri wateja wengine watoke. Hasemi anataka nini. Anasema "ile dawa ya kurudisha siku." Dukani hakuna faili, hakuna foleni, hakuna kuulizwa baba ni nani. Mimi siuzi, tena sheria ya Wakili hapo #3 ina miaka yangu mitatu. Ila wauzaji wapo, na wengine wanauza makopo yenye lebo nzuri na ndani hamna kitu.

#6 Bwana_Takwimu
Tuweke namba mezani. Watafiti walikadiria mimba zilizotolewa Tanzania mwaka 2013 kuwa takribani 405,000. Waliopata matibabu hospitalini baada ya hapo mwaka huohuo walikadiriwa 66,600. Kwa hiyo, Nesi, wewe unawaona wachache tu.

#7 Nesi_wa_Zamu
@Bwana_Takwimu namba hizo zinanisaidia mimi. Wengine wako wapi?

#8 Bwana_Takwimu
Wengine si wote waliumia. Kuna waliotumia vidonge vya miso (misoprostol, vya kutoa mimba) ikawa salama wakaendelea na maisha. Usihesabu kila asiyekuja kwako kuwa ni mhanga wa imani potofu. Yawezekana aliangalia njia zilizopo, akachagua, akatokea upande wa pili mzima. Hapo picha yake kuhusu hospitali ilikuwa sahihi kabisa: hospitali ingemsaidia nini *kabla*? Ingemwambia arudi nyumbani. Nyie mnapokea baada.

#9 Karanga_Mbichi
Mkuu hapo umempiga Nesi na kitu kizito.

#10 Mzee_wa_Tatu_City
Majirani poleni sana. Sisi Kenya tulimaliza haya mambo 2010, Katiba mpya ilihalalisha. Njooni mjifunze.

#11 Binti_Kilifi
@Mzee_wa_Tatu_City haikuhalalisha, babu. Soma ibara ya 26(4): kutoa mimba *hakuruhusiwi*, isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kuna sheria nyingine iliyoandikwa inayoruhusu. Kuna mlango, lakini umeandikwa kwa kuanza na "hakuna". Na Sheria ya Afya ya 2017 inataja wauguzi, wakunga na maofisa tabibu miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa wamefunzwa. Si lazima awe bingwa wa Nairobi.

Sasa ukitaka kujua huo mlango unaonekanaje kutoka huku kwetu pwani: 2019 mwanafunzi mmoja wa kaunti yetu alienda kliniki akiwa na maumivu na damu. Ofisa tabibu akampima, akaona mimba imeshaharibika, akamtibu. Polisi wakaingia kliniki, wakawabeba wote wawili, yeye na tabibu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema kukamatwa kule hakukuwa halali na kwamba huduma hiyo ni haki chini ya Katiba. Hukumu nzuri. Ila nenda soko lolote huku uwaulize akina mama wanakumbuka nini. Watakueleza habari ya gari la polisi mpaka rangi yake. Ya hukumu hawana.

#12 Mzee_wa_Tatu_City
Sawa mwanangu, ila hata hivyo tuko mbele ya Bongo.

#13 Wakili_Kijiweni
Mko mbele kwenye karatasi, na karatasi yenyewe mnaitoa na kuirudisha. Wizara yenu ilitoa mwongozo wa kitaalamu kuhusu utoaji mimba 2012, ikaufuta Desemba 2013, na mafunzo ya watoa huduma yakasimamishwa. Mahakama Kuu ikasema Juni 2019 kwamba kuufuta kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi ile ilihusu binti aliyebakwa, akatolewa mimba isivyo salama 2014, figo zikaharibika, akafariki 2018 kabla ya hukumu. Sasa wewe nesi wa kijijini: mwongozo upo, mwongozo haupo, mwongozo upo tena. Utafanya nini? Utamwambia mgonjwa "hatufanyi hapa." Naye atatoka akiamini *hakuna popote* panapofanywa.

Kwa hiyo @Nesi_wa_Zamu, hofu haianzi kwa mwanamke. Inaanza kwa daktari anayelinda leseni yake, mgonjwa anaambukizwa.

#14 Asali_Chungu
Naandika kwa akaunti mpya, mnaonijua nyamazeni.

Nina watoto wanne na ndoa halali. Nasema hivyo kwa sababu uzi mzima mnaongelea mabinti kama vile sisi wenye pete hatuingii. Nilipitiliza sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu siku niliyoenda haikuwepo. Nikashika mimba mtoto wa mwisho hajaanza kutembea vizuri.

Sikuwaza polisi hata kidogo. Niliwaza nauli, nani atabaki na watoto, na mama mkwe ambaye anafahamiana na nusu ya wauguzi wa kituo chetu, wanasali jumuiya moja. Nilijua nikienda asubuhi, jioni habari iko kwake. Kwa hiyo kwangu "karibu" kulimaanisha mbali. Nilitafuta mahali ambapo hakuna anayenijua, mkoa mwingine, na nikamwambia mume naenda msibani. Alinipa hela ya rambirambi.

Nilirudi salama. Sitaki pole wala mahubiri.

#15 Karanga_Mbichi
Hapo kwenye rambirambi nimecheka halafu nikaacha. Pole hutaki, basi chukua tano.

#16 Ustadh_Mpole
Bila kuhubiri, dada. Naongeza upande wa dini kwa sababu watu wanaamini umefungwa kuliko ulivyo. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kabla ya siku 120, ambazo wengi wanazitaja kuwa ndipo roho hupulizwa. Wako waliokataza tangu mwanzo, wako walioruhusu kukiwa na udhuru. Lakini mama akiwa hatarini kufa, kauli inayojulikana ni kwamba uhai wa mama ulio yakini unatangulizwa. Mimi binafsi ni katika wanaokataza. Ila nimewahi kuulizwa na mume ambaye mkewe ana shinikizo la damu la kutisha, daktari ameshasema, na yeye anamzuia kwa kuogopa dhambi. Nikamwambia dhambi anayotakiwa kuiogopa ni ya kumzuia.

#17 Mkatoliki_Thabiti
Ustadh amesema kwa upole, mimi nasema wazi: uhai ni uhai tangu kutungwa. Mkiwaondolea watu hofu yote mtawaongezea kutoa. Hofu nayo ina kazi yake.

#18 Mama_Wawili
@Mkatoliki_Thabiti hofu ilifanya kazi kwangu mimi niliyefiwa na mtoto. Hiyo kazi ulikuwa unaitaka?

#19 Mkatoliki_Thabiti
Kwako hapana, dada. Pole sana kwa ulichopitia. Lakini msimamo wangu uko palepale.

#20 Muungwana_Goma
Bandugu, miye naandikia Goma. Huku kwetu Kongo jambo liko hivi: Protokoli ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi Machi 2018, na katiba yetu inaweka mkataba juu ya sheria ya kawaida. Ibara ya 14 ya protokoli inaruhusu mimba ikitokana na kubakwa, na ya ndugu wa damu, au ikihatarisha afya ya mama, ya akili na ya mwili. Kwa mkoa wenye vita kama wetu hilo ni kubwa. Lakini kitabu cha adhabu cha zamani hakikufutwa, na hospitali nyingi ni za misheni. Mwanamke aliyebakwa anafika, anapewa dawa ya kuzuia virusi, anapewa mazungumzo mazuri, halafu kuhusu mimba watu wanatazama dirishani. Anarudi kambini akijua kwamba hiyo moja haipo. Hakuna aliyemwambia haipo. Hakuna aliyemwambia ipo.

#21 Wakili_Kijiweni
@Muungwana_Goma asante. Tanzania nayo iliridhia Protokoli hiyohiyo 2007, bila kuweka pingamizi kwenye ibara ya 14. Kenya iliridhia 2010 ikaiwekea kipengele hicho pingamizi. Ila kwetu mkataba hauingii mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza, na halijatunga. Kwa hiyo aliyekataa ana Katiba yenye mlango, aliyekubali hana mlango.

#22 Kigali_Safi
Rwanda mmeisahau. Kabla ya 2018 ulihitaji kibali cha mahakama hata kama umebakwa. Kibali kikaondolewa, sasa ni daktari. Mwaka 2019 Rais akasamehe wanawake na wasichana 367 waliofungwa kwa makosa ya aina hii. Watu wakaanza kusikia kwamba kuna namna. Habari ya msamaha ilisambaa kuliko sheria yenyewe.

#23 Karanga_Mbichi
Ishirini imepita bila tusi. Nadaiwa soda na watu kumi na wawili, nahama jukwaa.

#24 Chuo_Mwaka_wa_Pili
Mnaongea vikubwa. Hosteli yetu hatujui Maputo wala Malindi. Tunajua bei. Mtu anagundua amechelewa siku, anasubiri kidogo akidhani ni stresi ya mitihani, anapima, anatafuta hela, jamaa anazima simu. Hela ikipatikana anaambiwa mimba imekua, bei imepanda. Anatafuta ya kuongezea, wiki nyingine. Ndiyo maana wengine wanaishia kwenye majani ya chai yaliyokolezwa na majivu, kwa sababu hiyo ni bei ya leo. Ukituuliza kama huduma ipo, tutasema ipo, ina bei, na bei inakimbia.

Halafu waraka wa 2021 wa kurudi shule baada ya kujifungua umesaidia wa sekondari, kuna mdogo wangu alirudi. Wengine hawakutaka kutoa, waliogopa kufukuzwa. Hiyo nayo mhesabu.

#25 Mpiga_Box_Houston
Salamu kutoka Texas. Msidhani ni Afrika tu. Mahakama ya Juu huku iliondoa haki ya kitaifa ya kutoa mimba tarehe 24 Juni 2022, na Texas sheria ya kukataza baada ya wiki sita ilikuwa imeanza Septemba 2021 tayari. Nasindikiza akina dada wa Kiswahili hospitali kama mkalimani. Mmoja mimba ilitunga nje ya kizazi, ambayo hata Texas inatibiwa, haikatazwi. Alikaa nyumbani na maumivu kwa kuwa alisikia kanisani kwamba daktari akimgusa wote wataenda jela na yeye atanyang'anywa makaratasi ya kuishi huku. Hapo ameunganisha sheria tatu ambazo hazihusiani, lakini kwa mgeni anayehofia makaratasi yake hizo ni kitu kimoja.

#26 Nesi_wa_Zamu
@Mpiga_Box_Houston hiyo ndiyo hoja yangu ya #1! Huduma ipo, inaruhusiwa, mtu anakaa na maumivu.

#27 Bwana_Takwimu
Ni hoja yako kwa mimba ya nje ya kizazi. Si hoja yako kwa Asali_Chungu. Yeye alijua kila kitu na bado alisafiri.

#28 Mgeni_Kimya
Samahanini kuingilia. Rafiki yangu alitumia vidonge alivyonunua mtandaoni, damu inatoka toka jana na leo anatetemeka. Anasema akienda watamwita polisi. Kuna mtu anaweza kuniambia dawa gani nimnunulie?

#29 Duka_la_Kona
Hakuna dawa ya kununua hapo. Na mtu yeyote atakayekufuata inboksi kukuuzia, mripoti.

#30 Nesi_wa_Zamu
@Mgeni_Kimya mpeleke sasa hivi, usisubiri asubuhi. Kutetemeka na homa baada ya mimba kutoka ni hatari. Wengine mnaosoma: pedi mbili kubwa zinaloa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyohivyo, nenda. Uchafu wenye harufu, nenda. Kizunguzungu cha kuanguka, nenda. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, nenda.

Mwambie amweleze daktari ametumia nini na lini, ili atibiwe sawasawa. Mtu mzima anasaini mwenyewe, hahitaji mume. PF3, ile fomu ya polisi, ni ya aliyeshambuliwa au kubakwa, na hata huyo akiwa mahututi anatibiwa kwanza. Zamu ya usiku foleni ni fupi. Nenda naye, usimwache peke yake mapokezi.

#31 Mama_Wawili
Na wewe unayemsindikiza, mapokezi ongea wewe. Sema "anatoka damu, ana homa, mimba changa." Usimwache yeye ajibu maswali ya foleni.

#32 Mgeni_Kimya
Tuko kwenye bajaji.

#33 Binti_Kilifi
Tujulishe, tafadhali.

#34 Mzee_wa_Tatu_City
Mungu awafikishe. Nimesoma uzi wote tena. Nina binti wawili na sijawahi kuwaambia lolote kati ya haya, hata hiyo 26(4) niliyoichapia hapo juu.

#35 Binti_Kilifi
Anza na namba ya simu ya mtu atakayewajibu bila kupiga kelele, babu. Ibara zitafuata.

#36 Mgeni_Kimya
Amepokelewa. Amewekewa dripu, wamesema watamsafisha kizazi. Daktari hakuuliza maneno mengi. Ila aliyeko mapokezi alituuliza kadi ya kliniki na jina la mume mara mbili.

#37 Nesi_wa_Zamu
Asante Mungu. Mnaona? Daktari hakuuliza.

#38 Mama_Wawili
Tunaona. Na mapokezi waliuliza mara mbili. Nesi, mnapofanya semina zenu za kuhudumia akina mama, yule wa dirishani huwa mnamwita?

#39 Nesi_wa_Zamu
Semina ni za kada ya afya. Karani yuko chini ya utawala.

#40 Asali_Chungu
Basi hapo ndipo mimi nilipogeuzia basi la mkoa.

#41 Wakili_Kijiweni
Bado nasema ni leseni ya daktari. Daktari wa leo alikuta amesharahisishiwa, damu imeshatoka. Mgonjwa angekuja wiki iliyopita na mimba yake nzima angeambiwa nini? Nesi, hilo hujalijibu tangu #8.

#42 Nesi_wa_Zamu
Natoka zamu saa moja asubuhi, nitajibu nikiamka. Ila fungua kifungu chako cha 230 uniambie "kuokoa maisha" kunaishia wapi, maana hata daktari wangu bingwa nilimuuliza, akaniuliza mimi.